Nitaijuaje kazi inayonifaa? Jibu kwa mhasibu aliyechoka

Swali

Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 31 na huu ni mwaka wa saba nafanya kazi ya uhasibu. Sijawahi kupewa onyo, lakini kila mwisho wa mwezi najiuliza kama hapa ndipo mahali pangu. Kufunga hesabu kwangu ni kazi ya kumaliza tu ili siku ipite. Ninachokipenda ni pale hesabu za tawi fulani zinapogoma kulingana na za benki, wenzangu wamehangaika hadi wamekata tamaa, ndipo naitwa nikatafute tofauti ilikoanzia. Hapo naweza kukaa hadi giza linaingia bila kuangalia saa. Tena wafanyakazi wapya wote huletwa kwangu niwaelekeze mfumo, ingawa hilo halimo kwenye majukumu yangu. Watu wa nyumbani wanasema nina kipaji cha kuongea, nikasomee sheria, lakini mimi mabishano siyawezi kabisa. Nimejaza dodoso la haiba kwenye intaneti mara mbili, na kila mara likanipa jibu tofauti. Nitajuaje kazi inayoendana na uwezo wangu wa asili? Au niache tu kazi nikajitafute?

Jibu

Marahaba. Kazi usiiache kwanza, na dodoso la tatu usilijaze.

Nimeirudia barua yako nikiangalia kitu kimoja tu: kila jambo umelipa nafasi kiasi gani. Kufunga hesabu, kazi ambayo ndiyo inakulipa mshahara, kumepata sentensi moja kavu. Kutafuta tofauti na kuwaelekeza wageni kumepata karibu theluthi ya barua, tena bila mtu kukuuliza. Unasema hujui unachokiweza, na hapohapo umekiandika. Unakosea mahali pa kutafutia. Unajikagua kichwani, wakati ushahidi wote uko kwenye mambo unayoyafanya kila siku na kwenye macho ya watu wanaokuona ukiyafanya.

Nieleze kwanza kwa nini kichwa sikiamini sana, changu kikiwemo. Mwaka 1977 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Richard Nisbett na Timothy Wilson, walichapisha makala kuhusu namna watu wanavyoeleza sababu za matendo yao. Katika jaribio mojawapo, watu waliokuwa dukani waliwekewa jozi nne za soksi ndefu za nailoni, wakaombwa wachague iliyo bora na waeleze sababu. Jozi zote nne zilikuwa sawasawa. Hata hivyo asilimia 40 walichagua iliyokuwa ya mwisho mkono wa kulia, na asilimia 12 tu walichagua ya mwisho mkono wa kushoto. Walipoulizwa sababu, walitaja ubora wa soksi. Hakuna aliyetaja mahali zilipowekwa, na walipoulizwa waziwazi kama nafasi ya jozi iliwaathiri, karibu wote walikana. Hawakuwa waongo. Akili iliwapa sababu inayosikika vizuri, nao wakaiamini.

Ikiwa hivyo ndivyo kwa soksi ulizoziangalia dakika moja iliyopita, swali kama "kwa nini sifurahii kazi yangu?" litakuletea nini? Litakuletea hadithi. Siku umegombana na bosi, litakuambia tatizo ni bosi. Siku umesikia mwenzako amefungua biashara, litakuambia wewe ni mjasiriamali uliyejificha. Kila jibu linaonekana la kweli kwa siku ile, na hilo ndilo linalowafanya watu wengi wabadilishe kazi mara tatu huku wakibeba shida ileile.

Tasha Eurich, mwanasaikolojia anayechunguza suala la kujifahamu, alieleza mwaka 2018 matokeo ya utafiti wa kikundi chake uliohusisha karibu watu 5,000. Wengi waliamini wanajifahamu vizuri. Waliotimiza vigezo walikuwa asilimia 10 hadi 15 tu. Kilichonivutia zaidi ni mahojiano yake na watu 50 waliofaulu kujifahamu. Katika maelezo yao, swali la "kwa nini" lilijitokeza chini ya mara 150, ilhali "nini" lilijitokeza zaidi ya mara 1,000. Walikuwa hawajiulizi "kwa nini niko hivi?" Walijiuliza "nilikuwa nafanya nini hapo?", "nini kinanitatiza?", "nifanye nini sasa?" Maswali ya namna hiyo yana majibu yanayoweza kuhakikiwa.

Kwa hiyo ninakupa kazi ya daftari. Kwa wiki tatu hivi, ukimaliza shughuli yoyote iliyokuchukua zaidi ya robo saa, iandike. Andika kitendo, usiandike jina la kazi. Ukiandika "ripoti ya mwezi" hujaandika kitu, kwa sababu ndani ya ripoti ya mwezi mna kukusanya stakabadhi, kuwakumbusha watu wasiojibu ujumbe, kulinganisha tarakimu, kupanga majedwali, kuandika maelezo, na kukaa kwenye kikao ukijibu maswali. Hivyo ni vitendo sita, na mtu anaweza kuvipenda viwili na kuvichukia vinne huku akisema kwa ujumla "kazi yangu siipendi". Mbele ya kila kitendo andika ulikuwaje ulipokimaliza: ulikuwa na nguvu ya kuendelea na kingine, au ulitaka kwenda kusimama dirishani? Andika palepale. Ukingoja jioni, uchovu wa siku nzima utaipaka rangi moja.

Baada ya wiki tatu utaanza kuona mambo yanajirudia. Unapoyasoma, tafuta alama hizi, kwa sababu raha peke yake haitoshi kukuambia kwamba una uwezo.

Alama ya kwanza ni kasi ya kujifunza. Kuna vitu ulivishika baada ya kuonyeshwa mara moja, wakati wenzako walihitaji kurudiwa. Kumbuka nyuma: mfumo wa hesabu mlipoletewa, nani aliuelewa mapema? Kama ni wewe, je, ni kwa sababu ulikaa nao muda mrefu zaidi, au mantiki yake ilikuingia tu?

Alama ya pili naithamini kuliko zote: makosa unayoyaona ambayo wengine hawayaoni. Mwenye sikio la muziki huumia mtu akiimba nje ya ufunguo, na hawezi kujizuia kuumia. Mwenye jicho la mpangilio huingia chumbani akaona meza haijakaa sawa kabla hajaona nani yumo. Wewe unaangalia safu za tarakimu na kitu kinakukereketa kabla hujajua ni kipi. Ukereketo huo haufundishwi kwa semina ya siku mbili, na mtu hajichoshi akiufuata, kwa kuwa unamvuta wenyewe.

Alama ya tatu ni kurudia bila kutumwa. Kile unachokifanya hata kisipokuwa na malipo wala sifa, hata kikiwa nje ya majukumu yako. Hapa nakuomba uwe mkali na nafsi yako, kwa maana watu huchanganya kupenda kitendo na kupenda cheo cha mwenye kukifanya. Wapo wanaotaka kuitwa waandishi lakini hawataki kukaa peke yao na sentensi isiyokubali. Wapo wanaotamani kuwa viongozi lakini wanachukia vikao, tathmini za wafanyakazi na kusuluhisha watu, ambavyo ndivyo uongozi wenyewe. Jiulize kama ungeendelea kukifanya endapo hakuna mtu angejua kuwa ni wewe.

Sasa, daftari lina upofu wake, nao unawapata zaidi watu wenye uwezo. Kile unachokifanya kwa wepesi hukioni kuwa ni uwezo. Unadhani kila mtu anaweza. Umeandika "naitwa nikatafute tofauti ilikoanzia" kama mtu anayeeleza kwamba huwa anafunga mlango akitoka. Wenzako, watu waliosomea kazi ileile, wamekata tamaa, wewe unaipata, halafu unaniuliza kama una kipaji. Tumezoea kuheshimu kile kilichotutoa jasho na kukidharau kilichokuja chenyewe. Matokeo yake watu huandika kwenye wasifu wao mambo waliyoyapata kwa mateso, na yale ya asili wanayaacha nje kwa kuona haya kuyataja.

Upofu wa pili ni kinyume chake: kuna mambo unayoyaweza kwa sababu umeyafanya miaka mingi, lakini yanakumaliza. Kufunga hesabu huenda ni mojawapo. Unakuweza, bosi anaridhika, na ndiyo maana kutazidi kurudishwa mezani kwako. Mtu akiulizwa anachokiweza hutaja haya kwanza, kisha akachagua kazi mpya iliyojaa hayohayo. Katika daftari utayatambua hivi: matokeo ni mazuri, nguvu iliyobaki ni sifuri.

Ndiyo maana unahitaji macho ya wengine. Mwanasaikolojia Simine Vazire, katika utafiti alioutoa mwaka 2010, alilinganisha watu wanavyojitathmini na marafiki zao wanavyowatathmini, kisha akawapima kwa njia nyingine. Kwa mambo ya ndani kama wasiwasi na hofu, mtu mwenyewe alijijua zaidi. Kwa mambo kama akili na ubunifu, marafiki walikuwa sahihi kuliko mwenyewe. Sababu inaeleweka: kwenye sifa ambazo kila mtu angependa awe nazo, tunajipendelea au tunajidharau kwa kujihami, na mtu wa nje hana haja ya kufanya hivyo. Kwa hiyo ukitaka kujua kazi gani inakutia hofu, jiulize mwenyewe. Ukitaka kujua unachokiweza, waulize waliokuona ukifanya.

Lakini uliza vizuri. "Unaona nina kipaji gani?" ni swali baya, litakuletea maneno ya adabu. Ulilopewa nyumbani, "kipaji cha kuongea", ni jibu la aina hiyo. Wanakuona ukizungumza mezani. Hawajakuona ukiwa kazini. Na angalia walivyoruka kutoka hapo hadi sheria, kana kwamba kuongea ni kitu kimoja. Kueleza jambo gumu kwa mtu anayetaka kuelewa, na kubishana na mtu anayetaka ushindwe, ni stadi mbili tofauti kabisa. Ya kwanza unayo, kwa ushahidi wa hao wageni wanaoletwa kwako. Ya pili umesema mwenyewe huiwezi. (Kwa haki ya wanasheria niongeze kwamba wengi wao hushinda wakisoma mikataba na hawabishani na mtu, ila naona si hilo lililokusudiwa nyumbani.)

Uliza hivi: "Nikumbushe mara moja uliponiona nikifanya jambo ukasema huyu analiweza. Nilikuwa nafanya nini hasa?" Waulize watu watano au sita: aliyewahi kuwa bosi wako, mwenzako wa dawati, mmoja wa wale wageni uliowaelekeza, na angalau mmoja asiyekupenda kupita kiasi. Usijitetee wakijibu, usiwasahihishe, andika walivyosema. Wanne wakitaja tukio la aina moja bila kushauriana, umepata ushahidi ambao hakuna dodoso litakalokupa.

Tukiwa kwenye madodoso, tumalize shauri lao. Kama lako lilikuwa la herufi nne, lile la MBTI linalompa kila mtu "aina" yake ya haiba, asili yake ni kazi ya Katharine Briggs na binti yake Isabel Briggs Myers, waliojenga juu ya mawazo ya Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi. Udhaifu wake mkubwa ni kwamba linawakata watu katikati. Watu wengi, kwa upole au ukimya au utaratibu, wako karibu na katikati ya mstari, na dodoso linawalazimisha waangukie upande mmoja. Ukibadilisha majibu mawili kwa sababu siku hiyo umelala vizuri, umebadilika "aina". Hivyo jibu lako kutofautiana halionyeshi kwamba hujielewi. Linaonyesha uko katikati, ambako ndiko waliko wengi.

Yapo yenye msingi mzuri zaidi. Mwaka 1959 mwanasaikolojia John Holland alitoa nadharia yake ya mielekeo ya kazi, ambayo leo hugawanywa sita: kazi za mikono na vitendo, za uchunguzi, za sanaa, za kuhudumia na kufundisha watu, za kushawishi na kuongoza, na za utaratibu na kumbukumbu. Uhasibu kwa kawaida huwekwa kwenye utaratibu. Vitu ulivyoniandikia vinaegemea uchunguzi na kufundisha. Hilo linaeleza kiasi kwa nini unachoka bila kushindwa. Ila dodoso la namna hii linapima unachopenda, halipimi unachoweza, na linakutegemea wewe kusema ukweli juu ya mambo ambayo pengine hujawahi kuyajaribu. Lichukue kama mwanzo wa mazungumzo.

Kabla sijaendelea, nataka tuhakikishe kwamba uchovu wako unatokana na kazi kutokufaa. Mara nyingi sivyo. Christina Maslach na Michael Leiter, waliochunguza watu kuchakaa kazini, walitaja maeneo sita ambamo mtu na kazi yake hukosana: wingi wa kazi, uhuru wa kuamua, malipo na kutambuliwa, mahusiano na wenzake, haki, na maadili. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohusu kipaji. Mtu anaweza kuwa kwenye kazi iliyomkaa sawasawa akateketea kwa sababu anafanya ya watu watatu, au kwa sababu anayepandishwa cheo ni mwingine kila mwaka. Kipimo ni rahisi: je, hata kile kitendo unachokipenda kimepoteza ladha? Kama ukiitwa kutafuta tofauti siku hizi unaona ni mzigo mwingine, basi tatizo ni mzigo au mahali, na kubadilisha fani hakutasaidia. Kama kila kitu kimepoteza ladha, hadi nje ya kazi, usingizi umepotea na chakula hakipiti, huyo unayepaswa kumwona kwanza ni daktari. Kwa maelezo yako hauko huko. Kupoteza hesabu ya saa hadi giza linaingia ni dalili ya mtu ambaye bado ana nguvu, ila zimepata sehemu ndogo ya kutumika.

Kuna jambo moja katika swali lako ambalo silikubali, nalo ni wazo kwamba uwezo wa asili ni kitu kilichokamilika kinachosubiri kugunduliwa. Mwaka 2014 mwanasaikolojia Brooke Macnamara na wenzake walikusanya tafiti nyingi kuona mazoezi yaliyopangwa yanaeleza kiasi gani cha tofauti ya viwango baina ya watu. Kwenye michezo ya ubao na mingine ya aina hiyo yalieleza asilimia 26, kwenye muziki 21, kwenye michezo ya viungo 18, kwenye masomo 4, na kwenye kazi za kitaaluma chini ya asilimia 1. Wanaoamini kipaji ndiyo kila kitu hushangilia tarakimu hizo, lakini wanakosea. Kinachobaki si kipaji peke yake: humo mna umri mtu alioanza, walimu aliowapata, mazingira, tabia, bahati, na ugumu wa kupima ubora wa kazi ya ofisini. Ninachokichukua mimi ni cha kawaida zaidi. Mazoezi ni ya lazima na hayatoshi, na asili yako inakupa mwanzo mzuri mahali fulani bila kukupa mwisho.

Hili lina matokeo kwako. Mwaka 2018 Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton walionyesha kwamba watu wanaoamini mvuto wa jambo upo tayari ndani ya mtu hutarajia jambo hilo liwe rahisi wakilipata, na hulegea likiwa gumu. Ukienda kwenye kazi mpya ukiwa na imani hiyo, mwezi wa tatu ukikutana na sehemu ngumu utasema "kumbe hata hii siyo yangu" na kuanza upya. Tena, utafiti wa Murray Barrick na Michael Mount wa mwaka 1991 ulikuta kwamba sifa iliyohusiana na kufanya vizuri katika kila kundi la kazi walilolichunguza ni uangalifu na kutimiza wajibu. Miaka saba bila onyo si jambo la kulipitia haraka. Utaibeba sifa hiyo popote uendako.

Tuje kwenye kazi zenyewe. Frank Parsons, aliyefungua ofisi ya ushauri wa kazi huko Boston mwaka 1908, alisema kuchagua kazi kunahitaji mambo matatu: kujifahamu, kuifahamu kazi, na kufikiri sawasawa juu ya uhusiano wa hayo mawili. Zaidi ya karne imepita na bado watu wanajichimba kwenye la kwanza hadi wanachoka, wakati la pili wanalijua kwa kusikia. Wanamjua mwanasheria wa kwenye filamu. Wanamjua daktari kwa koti lake. Ukitaka kuijua kazi, mtafute anayeifanya na umuulize: juzi ulifanya nini, tangu ulipofika hadi ulipoondoka? Usimuulize kama anaipenda. Andika vitendo anavyovitaja, kisha uvilinganishe na daftari lako. Kama zaidi ya nusu ya siku yake ni vitendo vilivyokuacha na nguvu, hiyo ni kazi ya kuitazama vizuri. Theluthi moja ya kuchosha utaikuta popote, hata kwenye kazi utakayoipenda kuliko zote.

Kwa kile nilichokisoma, una vitendo viwili vya nguvu: kufuatilia kosa hadi chanzo chake, na kumweleza mtu asiyejua mpaka ajue. Nje ya kufunga hesabu, vitendo hivyo vipo kwenye ukaguzi wa ndani, kwenye uchunguzi wa udanganyifu wa fedha, kwenye kusimika mifumo ya uhasibu na kuwafundisha watumiaji, na kwenye kufundisha uhasibu chuoni. Kiasi cha kila kitendo kinatofautiana. Anayesimika mifumo hueleza zaidi na kutafuta makosa ya mfumo. Mchunguzi wa udanganyifu hutafuta sana na kueleza mwishoni, wakati mwingine mbele ya mahakama. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoipoteza miaka yako saba. Ndiyo maana nilikuambia usiache kazi: uko mahali pazuri pa kufanyia majaribio, na mshahara unaingia.

Anza hapohapo ulipo. Amy Wrzesniewski na Jane Dutton walieleza mwaka 2001 jinsi watu wanavyoyapanga upya majukumu yao bila kubadilisha cheo. Mfano wao mmoja ni wafanya usafi wa hospitalini, ambao baadhi yao walijiongezea kuwajali wagonjwa na kuipa kazi yao sura nyingine. Wewe una hoja nzito zaidi ya kumpelekea bosi, kwa kuwa tayari unafanya. Mwambie waziwazi: kuwaelekeza wafanyakazi wapya kuandikwe kwenye majukumu yangu, niandae mwongozo wao, na ulinganisho wa matawi yenye matatizo uje kwangu rasmi, badala yake, sehemu fulani ya kufunga hesabu apewe mwenzangu anayeipenda. Usishangae ukikuta yupo. Kuna watu ambao safu zikilingana mwisho wa mwezi husikia raha uliyoisikia wewe ulipopata kosa.

Akikubali, kabla hujaanza andika kwenye daftari unachotarajia: utaona nini kimebadilika, utakuwa umeweza nini, utakuwa umeshindwa nini. Peter Drucker, mwandishi wa mambo ya uongozi, alipendekeza mwaka 1999 kwamba kila uamuzi mkubwa uuandikie matarajio, kisha baada ya miezi 9 au 12 uyalinganishe na yaliyotokea. Ni njia ya polepole, na faida yake ni kwamba kumbukumbu haipati nafasi ya kurekebisha historia. Ukikuta ulitarajia kufurahia kufundisha na kweli ukafurahia hata kwa mwanafunzi wa kumi aliye mzito, umejua jambo. Ukikuta ulifurahia wawili wa kwanza tu, umejua jambo vilevile, na ualimu wa chuo unautoa kwenye orodha bila kupoteza ada.

Akikataa, bado una jioni na siku za mapumziko. Jitolee kukagua vitabu vya chama kidogo au kikundi cha kuweka akiba kinachokuamini, mradi hakina mgongano na mwajiri wako. Jaribio dogo la kweli litakufundisha kuliko mwaka mzima wa kuwaza.

Katika zile kazi nne nilizozitaja, mimi ningeanza na ukaguzi wa ndani, kwa kuwa huenda wakaguzi wapo hapohapo kwenye taasisi yako na unaweza kumwomba mmoja wao nusu saa. Lakini usiishie kumuuliza anavyotafuta makosa, maana sehemu hiyo najua utaipenda. Muulize juu ya siku anayopeleka ripoti kwa mkuu wa idara aliyekutwa na kasoro: anakaa naye vipi, anajibiwa nini, ni mara ngapi kwa mwaka anaambiwa hajui anachokisema, na anarudije ofisini baada ya hapo. Umeniambia mabishano huyawezi, na kwenye ukaguzi yapo, ingawa hufanyika kwa sauti ya chini na kwa karatasi. Akikueleza kikao cha namna hiyo hatua kwa hatua, na ukajikuta unafikiria jinsi ambavyo ungemfafanulia huyo mkuu wa idara hadi aelewe kosa lilikoanzia, omba kuhamishiwa huko. Ukijikuta unatafuta namna ya kukwepa kikao, nenda kwa wasimika mifumo.